Mrushaji Aliyetetemeka

Ufagio wa nne ulimpata Tavion Ledoux kwenye wavu wa kofia ngumu. Akafumba macho, na mpira ukamponyoka kama sabuni.

"Okota!" Orval Teague alifoka. "We dogo, hizi ni fagio tu. Yakija majitu ya kilo mia na thelathini utayaambiaje? Samahani?"

Wafanyakazi wanne wa klabu, kila mmoja na ufagio wake wa mpini mrefu, wakarudi kwenye mstari. Ufagio wa tano aliushika Orval mwenyewe. Kwa miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa hiyo: kuwapima warushaji wa mpira wa Kimarekani wanaotoka vyuoni, aone nani ataweza kutupa mpira huku walinzi wa kulipwa wakimvamia wamwangushe, na nani ataona mikono tu asahau hata jina lake.

Pembeni, na kahawa zao, walisimama meneja Brandt Kessler na mwenye klabu. Uteuzi ulikuwa Alhamisi: klabu zingechagua vijana wa vyuo kwa zamu, iliyoshika mkia ikianza. Klabu yao ilikuwa ya pili kuchagua, kwa kuwa msimu uliopita ilikuwa ya pili kutoka mkiani. Ikishalitaja jina la kijana, amekwisha kuwa mali yao. Hana klabu nyingine ya kwenda.

Misimu mitatu, warushaji watatu. Wa kwanza aliharibika bega, wa pili goti. Wa tatu, Kellen Stroud, aliangushwa mara sabini na moja kwa mwaka mmoja, na siku hizi mkewe ndiye anayemfunga vifungo vya shati. Wale waliopaswa kumkinga walikuwa kama mlango usio na bawaba. Mwezi Machi Orval aliwaomba wakubwa wanunue wakingaji wa maana. Wakubwa wakajijengea ukumbi wa wageni wao, wakamwambia atafute kijana mgumu zaidi.

"Tena!"

Fagio tano zikaja. Tavion akarudi nyuma hatua tatu, miguu ikimwenda kama ndama aliyezaliwa leo, akarusha bila kutazama. Mpira ukatua kwenye meza ya kahawa.

Mwenye klabu akajipangusa suruali. "Orval, huyu ndiye uliyempa tisa kwa kumi Desemba?"

"Kwenye video alikuwa simba, bosi."

"Simba gani anagongana magoti?"

Orval akamwendea kijana, akamkamata wavu wa kofia, akamvuta hadi pua zao zikakaribiana. "Umetoka Louisiana kote huko kuja kunionyesha hiki? Bibi yangu yuko kaburini, na angesimama vizuri kuliko wewe!"

"Wanakuja wengi, kocha," Tavion alisema, sauti ikimkatika.

"Wanakuja wengi!" Kessler akacheka kwa nguvu. "Jamani, nani aliwaambia walinzi waje wengi? Waje mmoja mmoja, wapige hodi!"

Wafanyakazi wakacheka kwa sababu meneja amecheka. Orval hakucheka. Aliunyanyua ufagio, akapiga kelele kuliko mara zote, akamkimbilia.

Safari hii Tavion hakungoja hata ufagio ufike. Alipiga magoti, akavua kofia, akatapika kwenye nyasi, hatua moja kutoka viatu vya mwenye klabu.

Mwenye klabu akaruka nyuma.

"Mtoeni," alisema Kessler. "Na jina lake mlifute. Sitaki kulisikia Alhamisi." Kisha akamgeukia Orval. "Na wewe, babu. Miaka ishirini na sita, na bado hujui kumtambua mwoga. Lete kadi ya mlango."

Orval akaivua shingoni, akaiweka kwenye ile meza iliyolowa kahawa.

"Nitampeleka mwenyewe uwanja wa ndege," alisema. "Sijamalizana naye."

"Mtukane na kwa niaba yangu."

Walikwenda hadi kwenye gari, mzee mbele, kijana nyuma kichwa kimeinama, askari wa getini wakimnyooshea vidole. Gari likatoka. Likapita maegesho, likapita taa za kwanza, likashika barabara kuu.

Hapo Tavion akakaa sawa. Akafungua chupa ya maji, akanywa taratibu, mkono umetulia.

"Kutapika nilizidisha, kocha?"

"Hapana," alisema Orval, macho barabarani. "Jumapili tulipojaribu, ndipo hukutetemeka vya kutosha."