Kimya cha Mzee Semkiwa

Siku hizi hakuna shule inayoanza masomo kabla watoto hawajapiga muziki wa okestra wa mtunzi Mweusi: nchi nzima, muziki mmoja, dakika ileile. Wiki hii ilikuwa zamu ya Mzee Semkiwa wa Korogwe, na binti yake, Bi Mwanjaa, alitembea mtaani kifua mbele.

Asubuhi mjukuu wake, Raha, alifanya mazoezi ya fidla sebuleni. Katikati akashusha upinde, akatulia.

“Mbona umeacha, mjukuu wangu?”

“Ndivyo ilivyoandikwa, bibi. Mashine ya kuandika muziki ilinakili kila kitu kutoka kwenye kanda ya zamani ya Mzee Semkiwa. Mwalimu anasema kimya hiki ndicho ufundi wake wote.”

Bi Mwanjaa akakumbuka siku kanda ile iliporekodiwa. Hapo alipotulia Raha ndipo kikohozi kilipombana baba yake, naye, wakati huo msichana mdogo, akamkimbilia na maji. Mashine ilifuta kikohozi, ikaacha nafasi yake.

Saa mbili kamili muziki ukasikika kutoka shule ya jirani, mtamu mpaka Bi Mwanjaa akalengwalengwa na machozi ya fahari. Ulipofika mahali pale, watoto wa nchi nzima wakanyamaza.

Bi Mwanjaa akajikuta amesimama mlangoni, kikombe cha maji mkononi.