Mkono wa Kushoto wa Lewis

"Si yeye," Mbula alisema kabla ubeti wa pili haujaisha. "Zima."

Elijah akabonyeza kitufe. Spika waliyoificha chumbani mwa marehemu ikanyamaza. Wiki nzima alikuwa kwenye kompyuta na wimbo huo. Programu yenyewe haina shida: ukishaichagulia mfuatano wa noti na mtindo, inakupa kinanda, ngoma na besi. Shida ni kwamba inapiga kila kitu kama askari kwenye gwaride.

"Nimechelewesha besi, kama ulivyosema," alijitetea.

"Umeichelewesha pale pale kila ubeti. Kaka yangu hakukosea mara mbili mahali pamoja. Na ubeti wa tatu alikuwa anachoka na ngoma za kinanda, anazizima, anabaki na besi ya mkono wa kushoto tu. Si alikufundisha wewe?"

Alimfundisha. Ndiyo maana Elijah alikubali udanganyifu huu. Lewis, mpiga kinanda wa kanisa lao hapo Birikani, alizikwa mwezi wa tatu. Tangu hapo, Mbula alisema, mama yao alianza kusahau. Kila Jumapili alimuulizia Lewis, na hakugusa chakula mpaka asikie kinanda. Wimbo wa kwanza walipouchezesha, alisukuma sahani. "Nani huyo anachezea kinanda cha mwanangu?"

Mama akiacha kula, Elijah aliwaza, nyumba hii itazika tena.

Akainama, akaanza kusogeza noti moja moja. Hapa aliiwahisha besi, pale akaiburuta. Ubeti wa tatu akafuta ngoma zote. Mbula alisimama nyuma yake akihesabu kwa vidole, gauni limemning'inia, amelibana kiunoni kwa pini.

"Sasa," alisema mwishowe. "Sasa ni yeye."

Sebuleni mama alikuwa ameshakaa mezani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Goti la baba yako huko Mwanda?"

"Afadhali, Mama."

"Mwambie aache kupanda ule mlima kama mbuzi. Miaka sabini na mbili!"

Elijah akacheka. Mbula akaingia na sahani mbili za muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe. Mama akaitazama milango, mmoja baada ya mwingine.

"Lewis hapigi leo?"

"Anaanza sasa hivi, Mama," Elijah alisema, akabonyeza simu mfukoni.

Muziki ukatoka chumbani. Besi ilisitasita, ikakimbia, ikajirudi. Ubeti wa tatu ngoma zikakoma, mkono wa kushoto ukatembea peke yake, na Elijah akahisi nywele zikimsimama. Ni kama mwalimu wake alikuwa nyuma ya ukuta ule.

Mama alifumba macho. "Huyo ndiye," alisema. "Keti, Mbula. Mimi sili peke yangu."

Mbula akaketi. Mama na binti wakala kijiko kwa kijiko, mpaka sahani zote mbili zikabaki nyeupe. Kisha Mbula akazibeba kwenda kuosha uani, akiimba kwa sauti ya chini.

Elijah akashusha pumzi. Mama naye alisubiri mpaka bomba lisikike, ndipo akamvuta mkono.

"Jumapili ijayo uharibu tena mahali kidogo," alimnong'oneza. "Lewis nilimtupia udongo mimi mwenyewe, mwanangu, najua aliko. Lakini Mbula asipopata cha kukusahihisha, haweki kitu mdomoni."