Tundu la Waya

Mzee alikuwa amekaa sebuleni chini ya mwavuli, na vumbi la zege lilikuwa likimnyeshea. Fundi wa mtandao, juu ya ngazi yake ya kukunja, alizima drili akamwomba tena ahame.

"Sihami," mzee akasema. "Wewe toboa."

"Shati hilo litachafuka, mzee wangu."

"Mwavuli ni wa nini?"

Fundi akacheka, akaendelea. Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Ruta ilikuwa hapo sebuleni, kompyuta ya mezani ilikuwa chumba cha juu, na mtandao haukuweza kupenya sakafu nene ya zege. Waya mmoja ungemaliza habari.

"Lakini si tungeishusha tu kompyuta huku chini? Nisingetoboa nyumba ya watu."

"Ibaki huko huko."

"Na simu je?"

"Kioo cha simu ni kidogo. Macho yamechoka."

"Ehe! Au mzee una mchumba ng'ambo, hutaki tumwone?"

"Mchumba ninaye. Amenizalia huyo." Akamwonyesha binti yake kwa kidevu.

Binti alitabasamu, kisha akageukia dirisha.

Mara ya mwisho mzee kumwona mkewe ilikuwa asubuhi ile gari la wagonjwa lilipokuja. Waliagana haraka haraka. Wahudumu walikuwa wakihimizana, machela ikagonga ukuta, na alichobaki nacho ni mkono wa mkewe ukiutafuta wake hewani. Tangu hapo walipelekeana salamu kwa mdomo wa binti yao. Daktari alisema mama asisogezwe kabisa. Jana alimwita binti pembeni akasema na jingine: wanaotaka kumwona, wasichelewe.

Waya ulipopenya darini, fundi alichukua vyombo vyake akapanda juu.

"Ngazi zenu hizi!" alilalamika kutoka kwenye kona. "Godoro likipanda hapa halishuki! Nikirudi naliziba hilo tundu, mzee, hata sisimizi hatapita."

Mzee alizisikiliza hatua zake. Mlango ukafunguliwa. Kisha kimya, kirefu kuliko kazi ya kuchomeka waya.

Fundi aliposhuka, utani ulikuwa umemwisha. Alikunja ngazi yake, akapangusa drili, akalirudisha kopo la simenti nyeupe mkobani bila kulifungua.

"Hujaziba," mzee akamkumbusha.

"Liache hivyo hivyo, mzee wangu."

Akaushika mkono wa mzee kwa mikono yake miwili, akatoka bila kuangalia nyuma.

Binti akafunga mwavuli, akampangusa baba yake mabegani, akamchana nywele chache zilizobaki.

"Umependeza, baba. Ila shida yote hii ya nini? Mama ataona kifua tu."

"Ndiyo maana nikachagua shati, sikuchagua suruali." Sauti yake ikashuka. "Hujamwambia?"

"Sijamwambia."

Akakisukuma kiti kidogo kuelekea kwenye mwanga. Magurudumu yalilia. Akalivuta shuka lifunike vizuri pale mguu wa kulia ulipokatikia, akamwekea simu mkononi.

"Iache iite," akasema, akakimbilia ngazini.

Simu ikaita. Ikaita tena. Mzee akaiweka sawa kola, akaketi wima kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Alikuwa ameandaa maneno wiki nzima, na sasa hakulikumbuka hata moja.

Uso ukatokea kwenye kioo, mdogo kuliko alivyoukumbuka, juu ya ule mto waliokuwa wakigombania kila usiku.

"Umekonda," mkewe akasema.

Neno lile lilimfikia mara mbili: kwanza kutoka kwenye tundu la dari, juu kabisa ya kichwa chake, kisha, kwa kuchelewa kidogo, kutoka kwenye simu.