Barua ya Mambo Matatu

Mjukuu wangu alinisimulia haya Jumapili iliyopita mchana, tukikunja nguo. Alianza kwa kusema kwamba aliwahi kujiandikia barua ya shukrani, kisha akaijibu mwenyewe. Nikadhani anatania.

Alikuwa mwanafunzi wa mawasiliano, na chuo kilimpeleka mafunzoni mwaka mzima kwenye kampuni kubwa ya teknolojia, yenye ghorofa nyingi na milango inayofunguka kwa kadi. Kazi yake ilikuwa kuandika: matangazo ya wafanyakazi, hotuba za mkurugenzi, maneno mawili matatu chini ya picha. Alichokitaka ni kimoja tu, mwaka ukiisha wamwajiri.

Meza ya jirani alikaa mhariri mmoja mtu mzima, miaka ishirini na miwili kwenye kiti kile kile. Walimwita Mzee Mkato, kwa kuwa aliitoa mikato kwenye maandishi ya watu kama mtu anayetoa chawa. Ndiye aliyemfundisha kazi.

"Binti, hapa umevuta pumzi mara nne kwenye sentensi moja," alimwambia siku ya kwanza. "Una pumu?"

Wakacheka, wakazoeana. Kila saa ya chakula walikaa pamoja wakipeana habari za nyumbani, na za moyoni pia.

Mwezi wa kumi mkuu wa kitengo akamwita mwanafunzi ofisini, akafunga mlango. Kampuni inapunguza watu, akasema, na Mzee Mkato ni mmojawapo. Barua ya kumuaga itasainiwa na mkurugenzi, lakini mkurugenzi hamjui mzee hata kwa sura. Na desturi ya kampuni ni kwamba kila barua ya kuagana iwe na mambo matatu ya mtu mwenyewe, yale ambayo ni mtu wa karibu tu angeyajua.

"Sisi tunauza mashine," mkuu alisema, "lakini barua zetu zisinuke mashine. Wewe unakaa naye, iandike wewe. Na liishie humu humu. Ukiliweza hili, tutazungumza habari ya ajira."

Angeweza kukataa. Hakukataa.

Akaandika kwamba mzee humpigia mkewe simu kila saa sita, kumuuliza kama amekunywa dawa. Akaandika kwamba anaogopa lifti, hivyo hupanda ngazi mpaka ghorofa ya tisa. La tatu mzee alikuwa amemnong'oneza tu: kwamba alijifunza kusoma akiwa na miaka kumi na mitano, kwa vipande vya magazeti vilivyofungiwa sabuni. Nalo akalitia.

Mkuu aliisoma mara moja. "Hii itamliza," akasema, akampigapiga begani.

Siku mzee alipoipata, mwanafunzi alijifanya anatafuta kitu kwenye droo. Droo yenyewe ilikuwa tupu.

"Njoo unisomee, macho yamechoka," mzee akamwita. "Huyu mkurugenzi kumbe ananijua!"

Akasoma maneno yake mwenyewe kwa sauti, uso ukimuwaka moto. Alipofika kwenye vipande vya magazeti, akasoma neno moja moja. Mzee akamngoja mpaka akamaliza.

"Sasa nisaidie kumshukuru. Andika: Nimeipokea barua yako, na najua haikuwa rahisi kuiandika. Sina kinyongo na wewe, nawe usiwe na kinyongo nami."

"Yeye akuwekee kinyongo kwa lipi, mzee?"

"Andika tu, mama. Na huo mkato uache."

Akaandika. Kesho yake mkuu akaja na karatasi ile ile. "Mzee kashukuru. Mjibu, mkurugenzi atasaini." Akajibu pia. Aliniambia kwamba mkono wake ulikuwa mwepesi siku hiyo, na wepesi huo ndio uliomtia aibu kuliko yote.

Mzee Mkato aliondoka Ijumaa, na boksi lake, kwa ngazi. Mwanafunzi hakwenda kumsaidia kubeba. Alijifungia msalani, akakaa humo mpaka alipokuwa na hakika kwamba ameshafika chini. Miezi miwili iliyobaki alikula peke yake. Namba ya mzee alikuwa nayo, na hakuipiga hata siku moja.

"Ningemwambia nini, bibi?" akaniuliza. "Kwamba nilimuuza kwa ajili ya kiti?"

"Basi hicho kiti ulikipata?"

Akachomoa bahasha kwenye mkoba, akanipa bila kunitazama. Mimi husoma polepole, lakini niliisoma yote.

Mkurugenzi alimshukuru kwa mwaka wake mmoja, akasikitika kwamba nafasi ya ajira hakuna. Alimsifu kwa kuvua viatu chini ya meza kila anapotaka kuandika jambo gumu. Alimsifu kwa kubakiza chakula chake kila siku kwa ajili ya paka wa walinzi. Tena alimsifu kwa moyo wa kurudia mwaka wa kwanza chuoni baada ya kufeli, bila kumtia bibi yake wasiwasi.

"Ulifeli?" nikasema. "Na ile ada ya mwaka wa ziada ukaniambia chuo kimepandisha!"

"Nisamehe, bibi. Kule kazini nilimwambia mtu mmoja tu, saa ya chakula."

Nikafungua mdomo nimgombeze. Akajitupa kitandani katikati ya nguo, akajifunika shuka mpaka kichwani na jua lote lile.

"Tazama kona ya chini," akasema kutoka ndani ya shuka. Nilipopata miwani yangu, alikuwa ameshalala.

Pale chini, kwa maandishi madogo, palikuwa na tarehe ambayo barua ile iliandaliwa: mwezi wa tisa, mwezi mzima kabla mkuu hajamwita na kufunga mlango.