Bwana Mkuu Ana Homa

Zipora alikitemea mate kiatu cha Bwana Mkuu, Mdachi msimamizi wa chuo, akakisugua tena kwa kitambaa. Kilikuwa kinang'aa tangu alfajiri, lakini mikono yake ilikataa kutulia. Viatu hivyo havijakanyaga ardhi tangu mvua zilipokatika.

Kwenye njia ya Mlali vumbi lilikuwa linakuja.

"Ndio wao," alisema Mwalimu Bartolomayo, mkubwa wa walimu pale chuoni. "Kaa hapo hapo. Usikimbie wala usilie."

Vita vya Wadachi, yaani Wajerumani, na Waingereza vilikuwa vimekaribia, na askari walipita vijijini wakikamata wanaume wa kubeba mizigo. Waliochukuliwa hawakurudi. Aliyeachwa ni yule tu aliyekuwa na kazi chini ya Bwana wa Kidachi. Mwalimu asiye na Bwana alikuwa mpagazi kama wengine.

Shaushi Hasani, kiongozi wa askari, aliingia uani. Nyuma yake walifuata wanaume waliofungwa kamba shingoni.

"Shikamoo, Shaushi," alisema Zipora.

"Marahaba, mama mwalimu. Bwana wenu yupo?"

"Ana homa. Mume wangu Gideoni yuko humo ndani anamuuguza, hatoki mchana wala usiku."

"Homa ya mwaka huu inawapenda wakubwa. Wetu naye kalala hemani, kule mtoni." Akamgeukia Bartolomayo. "Na huyu wenu, ni mwema?"

"Shaushi, siku hizi mkubwa hatumtazamii wema. Wa kwanza tulimtazamia wema, akatuchapa viboko mbele ya wanafunzi wetu. Wa pili tulimtazamia vitabu, akatuletea mbegu za pamba. Huyu tunamtazamia awepo tu. Mpaka leo hajatuvunja moyo."

Askari mmoja alicheka. Shaushi hakucheka.

"Nitamsalimu," alisema.

"Anatupia watu vitu," Zipora aliharakisha kusema. "Juzi ilikuwa chupa ya dawa."

"Mimi nimeshatupiwa risasi, mama."

Akapanda barazani. Zipora alisimama, kiatu mkononi. Nyuma yao ombasha mmoja, msaidizi wa Shaushi, alikuwa amekwisha kunjua kamba mpya, akiitazama shingo ya Bartolomayo kama mtu anayechagua beberu mnadani.

Shaushi aliweka mkono mlangoni.

Ndani pakatoka kikohozi. Kilikuwa kizito, kirefu, cha kifua kilichojaa. Kisha ikafuata sauti nene, ya hasira.

"Raus."

Neno hilo la Kidachi la kufukuza watu, hata mbuzi wa Mpwapwa walilijua. Shaushi alirudi nyuma, akagonganisha visigino, akaupigia saluti mlango uliofungwa. Alibaki hivyo kwa muda, kichwa amekiinamisha upande, anasikiliza.

Kikohozi kikaja tena.

"Twendeni," aliwaambia askari wake. "Hawa wana Bwana wao."

Kamba ikakunjwa. Msafara ukaanza kutoka, wafungwa wakiburuta miguu. Bartolomayo aliegemea ukuta wa tembe, akafumba macho. Zipora aliketi pale pale chini. Gideoni wake alikuwa amenusurika. Hata upepo uliokuwa ukimchosha tangu asubuhi sasa aliuona mtamu.

Lakini Shaushi hakuwafuata wenzake. Alingoja mpaka mtu wa mwisho amepita ua wa miiba, ndipo akarudi, akachuchumaa mbele ya Zipora, karibu kiasi cha kunusika tumbaku yake.

"Mama mwalimu," alinong'ona, "niazime mumeo mpaka kesho. Bwana wetu naye tumekwisha mzika, mkubwa wa boma anakuja jioni kumjulia hali, na kikosi kizima hatuna anayejua kukohoa Kidachi."