Mizinga ya Mama

Asubuhi aliyofariki mama, mpishi wetu alimtia baba ufunguo wa nyumba mkononi.

"Nenda ukawaambie nyuki, bwana. Wasipopewa habari za msiba na mwenye nyumba, watahama."

"Nenda wewe. Mimi kusema siwezi," baba akajibu.

Ni kweli. Alikuwa mbunge kwa miaka kumi na tisa, na hakuwahi kusimama bungeni London akatamka neno. Kila mwaka mama alimsimamisha mbele ya mizinga yake ya nyuki afanye mazoezi ya hotuba. "Hawa wana miiba na hawakuumi," alimtania. "Wale wabunge wa London watakufanya nini?"

Mwishowe baba alikubali, nikamsindikiza hadi bustanini. Akavua kofia, akagonga mzinga wa kwanza kwa ufunguo mara tatu, kama ilivyo desturi. Kisha, kwa mazoea, akakohoa.

"Waheshimiwa..."

Nilidhani ataishia hapo, kama siku zote. Nyuki mmoja alitua kwenye ukosi wake. Hakumfukuza.

"Waheshimiwa, Honoria wetu ametutoka."

Akapiga magoti kwenye umande, akaegemeza shavu kwenye mzinga.

"Nawaombeni, nyie msiondoke."