Mbuzi wa Papa Henri

Mbuzi alilala katikati ya barabara ya Makiso, akagoma. Yannick alivuta kamba. Alimbembeleza kwa Kiswahili, akamtukana kwa Kilingala, mwishowe akamsihi kwa Kiingereza, lugha anayoifundisha shuleni. Wapi!

Suti yake nyeusi ilikuwa imelowa jasho. Jua lilizidi kupanda, na Papa Henri, baba yake Lucie, alikuwa amesema wazi mbele ya ukoo mzima: vitenge vya mahari vimefika, chumvi imefika, lakini bila mbuzi, Lucie hatoki nyumbani kwake.

Miaka yote waliyoishi pamoja, Yannick alisema kesho, kesho. Lucie akinuna, alimchekesha kwa maneno ya darasani. Waingereza, alimweleza, ukimuudhi mtu husema umemchukulia mbuzi wake. Na siku hizi mchezaji anayewapita wote wanamwita mbuzi.

"Kwetu iko kinyume," Lucie alijibu siku moja huku akicheka. "Papa iko na kasirani juu haujamuletea yake."

Sasa kicheko kile kilimchoma. Yannick alikuwa karibu kulia pale barabarani.

Mwendesha toleka mmoja alisimamisha baiskeli yake ya abiria. "Papa, suti na mbuzi? Iko mambo ya dot, ya mahari?"

"Iko dot."

"Félicitations!"

"Tumufunge ku porte-bagage, tafadhali. Nimechelewa sana."

"Usiogope, papa. Ule mwanamuke atakungojea."

Yannick aligeuza uso. Walimfunga mbuzi nyuma ya baiskeli, naye akakimbia kando yake, mkono mmoja umeshika pembe, akiomba Mungu wasiwe wameghairi.

Nyumbani kwa Papa Henri, karibu na maporomoko ya mto, turubai lilikuwa limefungwa na viti vimejaa watu. Kwaya iliimba. Gari lilisubiri, mlango wa nyuma wazi. Katikati ya shangazi zake, Lucie alikuwa amevalishwa gauni jeupe, nywele zimesukwa vizuri. Yannick hakuthubutu kumtazama. Alikwenda moja kwa moja kwa Papa Henri, akapiga magoti.

"Unisamehe, papa. Huyu hapa."

Mzee alimpapasa mbuzi shingoni, akamkabidhi mdogo wake kamba. Kisha akafuta macho.

"Bon," alisema. "Sasa iko muke yako. Unaweza kumuzika."